Gemu za Zamani Nyumbani: Raha Yake na Tahadhari Zake



Kuna mashine moja ya plastiki ambayo wengi waliokuwa watoto katika miaka ya 1990 hawajaisahau. Iliunganishwa kwa waya nyuma ya televisheni, ikachomekwa kaseti yake ya rangi ya njano, na sebule ikajaa watoto wa majirani wakigombea zamu. Ikigoma kuwaka, kaseti ilichomolewa, ikapulizwa kwa mdomo, ikarudishwa. Watoto wale leo ni baba na mama wa familia. Baadhi yao wameanza kuzitafuta tena mashine hizo na kompyuta za enzi hizo, wakizinunua katika mitumba, wakizifungua, wakizisafisha na kucheza na watoto wao jioni.

Katika ukurasa huu wa afya tumekuwa tukipokea maswali ya wazazi kuhusu jambo hili. Je, gemu hizi zinaharibu macho? Je, ni kweli zinaleta kifafa? Je, ni heri mtoto acheze hizi kuliko zile za kwenye simu? Tumeona tulieleze jambo lenyewe kwa mapana kidogo, kwa sababu hatari wanazoziogopa wazazi wengi ni ndogo, na zile zilizo kubwa hazizungumzwi kabisa.

MICHEZO HII ILITOKA WAPI

Mashine ya kwanza ya kucheza gemu nyumbani kwenye televisheni iliuzwa Marekani mwaka 1972. Iliitwa Magnavox Odyssey, nayo ilitokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer, aliyekuwa amekimbia Ujerumani na familia yake ya Kiyahudi akiwa kijana. Mwaka huohuo kampuni ya Atari ilitoa Pong: mistari miwili na nukta moja inayorukaruka kati yake kama mpira wa meza, basi. Watu walipanga foleni kuicheza. Mwaka 1978 ikatoka Space Invaders huko Japani, na mwaka 1980 Pac-Man, kile kiduara cha njano kinachokula nukta huku kikifukuzwa na vizuka. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ikatoa nchini Japani mashine yake ya nyumbani iliyoitwa Famicom. Nyingi kati ya zile tulizoziona kwetu zilikuwa nakala zake, zilizotengenezwa kwingineko Asia na kuuzwa kwa bei nafuu.

Upande wa kompyuta, mwaka 1982 unakumbukwa sana na wapenzi wa mambo haya. Mwaka huo Uingereza ilipata ZX Spectrum na Marekani ikapata Commodore 64. Ile namba 64 ndiyo kumbukumbu yake yote, yaani kilobaiti 64. Picha moja tu uliyopiga kwa simu yako jana ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Michezo mingi ya ZX Spectrum ilihifadhiwa katika kanda za kaseti zilezile za muziki. Mchezaji alibonyeza kitufe cha redio kaseti, akasikiliza milio kama ya nyenje kwa dakika kadhaa, na akiwa na bahati mchezo ukafunguka. Miaka miwili baadaye, mjini Moscow, Alexey Pajitnov alitunga Tetris, ule mchezo wa kupanga matofali yanayoanguka.

Mtu atauliza kwa nini kompyuta hizo za mwaka 1982 ni adimu sana hapa Tanzania. Sababu mojawapo ni kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nacho tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Basi mwenye hobi hii kwetu hukutana zaidi na zile nakala za Famicom, na Game Boy iliyotoka mwaka 1989, na PlayStation za kwanza, na kompyuta za mezani nzito zilizostaafishwa katika ofisi.

KUNA FAIDA GANI

Tuseme wazi kwamba kucheza si dhambi na si upotevu wa muda. Mwili na akili vinahitaji mapumziko, na mtu mzima aliyeshinda na mizigo ya kazi anafaidika kuwa na jambo dogo analolipenda. Hobi hii ina uzuri wake wa pekee: inatumia mikono. Anayefufua kompyuta ya mwaka 1985 hujifunza umeme, husoma michoro, hutafuta waya uliokatika, hukosea na kuanza tena. Kijana aliyekaa pembeni ya baba yake akishika tochi anapata somo ambalo si rahisi kulipata darasani.

Wataalamu nao wamelichunguza suala hili. Mwaka 2007 ilitolewa ripoti ya uchunguzi wa madaktari wapasuaji 33 nchini Marekani. Wale waliokuwa wamezoea kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi ya upasuaji wa kutumia kamera ndogo, tena wakamaliza haraka zaidi. (Tunawaomba vijana wasiibandike habari hii ukutani. Wapasuaji hao walikuwa wamekwisha kusoma.) Mwaka 2009 watafiti wa Oxford waliona kwamba watu waliooneshwa filamu ya matukio ya kutisha, kisha wakacheza Tetris kwa dakika 10, walisumbuliwa na picha chache zaidi za filamu hiyo akilini mwao katika wiki iliyofuata. Mwaka 2017 jambo kama hilo lilijaribiwa hospitalini kwa watu waliotoka katika ajali za barabarani, na matokeo yalielekea upande uleule. Hiyo haina maana kwamba Tetris ni dawa ya kuuzwa duka la madawa. Ina maana kwamba akili iliyoshughulishwa na maumbo haipati nafasi ya kuikaza ile picha mbaya.

Lakini kwa maoni yetu faida kubwa kwa familia iko mahali pengine. Gemu ya zamani ililipiwa mara moja. Haikuombi fedha katikati ya mchezo, haikuunganishi na mtu usiyemjua, haina kamari ndani yake, na haikutumii ujumbe saa sita usiku kukuita urudi. Gemu nyingi za simu za leo zimetengenezwa na watu waliojifunza vizuri namna ya kumzuia mtoto asiondoke. Gemu ya kaseti ina mwisho wake: unashinda, au unashindwa na kumpa mwenzako pedi. Tena huchezwa sebuleni, mbele ya watu, wawili wawili. Mzazi anaona kila kitu. Hii ndiyo sababu tukiulizwa tuchague kati ya hizo mbili, tunachagua ya kaseti bila kusita.

UMEME NA TELEVISHENI ZA CHOGO

Sasa tuje kwenye hatari, na tuanze na ile inayoweza kuua mara moja.

Wapenzi wa gemu za zamani huzitafuta zile televisheni za chogo. Wana sababu. Picha za gemu hizo zilichorwa kwa ajili ya kioo cha namna hiyo, na katika televisheni bapa huonekana zimechanika. Ile bunduki ya plastiki ya kuwindia bata haifanyi kazi kabisa kwenye televisheni bapa, maana inategemea mmweko unaotokea kwenye kioo cha chogo kwa wakati uleule kidole kinapobonyeza.

Yafaa ieleweke kwamba ndani ya televisheni hiyo umeme hupandishwa hadi volti 20,000 na zaidi. Kioo chenyewe huutunza umeme huo. Ukichomoa waya ukutani, umeme ule haujaondoka. Unaweza kukaa humo kwa muda mrefu, hata siku kadhaa, ukimsubiri mtu atakayeingiza bisibisi. Vilevile vifaa vidogo vinavyoitwa kapasita, vilivyo katika sehemu ya kupokea umeme ya kompyuta na televisheni, hutunza umeme baada ya kuzimwa. Kwa hiyo tunasema bila kupepesa macho: kifuniko cha nyuma cha televisheni ya chogo kifunguliwe na fundi aliyejifunza kazi hiyo, si na baba wa nyumba aliyetazama mwenzake akifanya, wala si na mtoto mwenye kipaji. Kaseti, pedi na mashine yenyewe ya gemu inayotumia adapta ndogo, hivyo vinaweza kufunguliwa nyumbani baada ya kuchomoa waya.

Uzito nao una hatari yake. Televisheni ya chogo ya inchi 29 yaweza kuzidi kilo 40, na karibu uzito wote uko mbele, kwenye kioo. Ikiwekwa juu ya kabati jembamba, mtoto wa miaka mitatu akavuta droo ili apande, inamwangukia. Iwekwe chini, juu ya meza pana na imara, na waya za pedi zisipite mahali watoto wanapokimbia.

Jambo jingine ni adapta. Vifaa vingi vya mitumba hutoka Japani, na umeme wa nyumbani kule ni wa volti 100. Wa kwetu ni 230. Ukichomeka adapta ya Kijapani moja kwa moja ukutani, kwa bahati njema itaungua yenyewe tu. Kwa bahati mbaya itaunguza na pazia. Soma maandishi madogo yaliyo mgongoni mwa adapta kabla ya kuichomeka. Hata adapta za asili za Commodore 64 zinajulikana kwa ubaya wake: zikizeeka hutoa umeme mwingi kuliko inavyotakiwa na kuiua kompyuta yote. Wenye uzoefu hawazitumii tena, hununua mpya.

Ikitokea mtu amenaswa na umeme, usimshike kwa mikono. Zima swichi kuu kwanza. Kama haifikiki, simama juu ya kitu kikavu na msukume atoke kwenye umeme kwa mti mkavu. Angalia kama anapumua. Hata akiamka na kucheka, apelekwe hospitali, kwa sababu umeme huweza kuvuruga mapigo ya moyo bila alama ya nje.

BETRI ILIYO NDANI YA KASETI

Hatari ya pili haijulikani kabisa na wazazi, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii.

Baadhi ya kaseti za gemu, hasa zile ndefu ambazo mchezaji huhifadhi alipofikia, zina betri ndogo ya duara, bapa, inayong'aa kama sarafu. Kompyuta za mezani nazo huwa nayo, kwa ajili ya kutunza saa. Betri hizo huisha baada ya miaka mingi, na mwenye hobi huzing'oa na kuweka mpya. Ile ya zamani huachwa mezani. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili huiona, huipenda, huiweka mdomoni.

Betri hiyo ikikwama katika koo la chakula haimkabi tu mtoto kama sarafu ingefanya. Inapogusana na unyevu wa mwili hupitisha umeme, na umeme huo hutengeneza magadi makali yanayounguza nyama. Katika muda wa saa mbili tu yanaweza kutoboa koo. Betri iliyochoka, ambayo haiwezi tena kuendesha saa, bado ina nguvu ya kufanya hivyo. Zilizo mbaya kuliko zote ni zile za upana wa milimita 20, ambazo namba yake huanza na 20, kama CR2032, na hizo ndizo zilizomo katika kaseti nyingi na kompyuta nyingi.

Dalili zake hudanganya. Mtoto hukataa kula, hutoka udenda, hukohoa, hulia akimeza, labda hutapika. Mama hudhani ni meno au mafua. Kama kuna uwezekano wowote kwamba amemeza betri, usingoje dalili. Usimtapishe. Usimpe chakula. Mpeleke mara moja katika hospitali yenye eksirei, umwambie daktari waziwazi kwamba ni betri, na kama unayo nyingine inayofanana nayo ichukue. Wataalamu wa sumu wa Marekani hushauri kwamba kama mtoto amezidi umri wa mwaka mmoja, anaweza kumeza, na saa 12 hazijapita tangu ameze betri, apewe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10 akiwa njiani, isizidi mara sita. Asali hupunguza ukali wa kuungua, haiondoi betri. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe. Na kama asali haipo nyumbani, msipoteze muda kuitafuta kwa jirani. Njia ya hospitali kwanza.

Betri ikiingia puani au sikioni ni vilevile, hospitali mara moja. Zilizokwisha zifungwe pande zote mbili kwa gundi ya karatasi au plasta, ziwekwe katika chupa yenye kifuniko, juu, mbali na watoto.

Kompyuta nyingine za zamani zina betri za namna ya pipa dogo, zilizobandikwa kwenye ubao wenyewe. Baada ya miaka 30 nyingi zimevuja, na ule unga wa kijani au mweupe unaouona pembeni yake ni wa kuwasha na kuunguza. Vaa glavu, usisugue macho, pangusa kwa kitambaa chenye siki kidogo, kisha nawa mikono kwa sabuni.

KIFAFA NA MWANGA UNAOMWEKAMWEKA

Ni kweli, au ni uvumi? Ni kweli, lakini si kwa watu wote.

Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, watoto walikuwa wakitazama katuni ya Pokémon. Katika kipande kimoja mwanga mwekundu na wa bluu ulibadilishana kwa haraka, kama mara 12 kwa sekunde moja. Jioni hiyo watu wapatao 685, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali. Wengi wao walipata nafuu upesi. Tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 makampuni ya gemu yalikuwa yameanza kuchapa onyo katika vitabu vya maelezo, na onyo hilo unaweza kuliona mpaka leo.

Maelezo yake ni haya. Katika kila watu 100 wenye kifafa, kama 3 hivi wana aina inayochochewa na mwanga unaomweka au michoro ya mistari. Huwapata zaidi watoto na vijana. Wengine hawajui kama wanayo mpaka siku ya kwanza wanapokaa mbele ya kitu kinachomweka. Gemu haikuwapa ugonjwa, imeuonesha. Televisheni ya chogo humweka yenyewe kuliko televisheni bapa, na gemu za zamani zilipenda sana kuwasha na kuzima kioo kizima pale bomu linapolipuka. Kwa hiyo aliye na kifafa, au ambaye ndugu yake wa damu anacho, amwulize daktari kwanza. Wote wacheze katika chumba chenye taa, wakae mita mbili au zaidi kutoka kwenye kioo, na wasicheze wakiwa hawajalala. Mtoto akisema anaona mambo ya ajabu au kope zinamcheza, azibe jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuka pembeni. Kufumba macho yote mawili hakusaidii sana, kwa sababu mwanga hupenya kope.

Akianguka na kutetemeka, ondoa vitu vikali karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu mara mtetemeko unapotulia, na tazama saa. Usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, usimshikilie kwa nguvu. Ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali.

Hapa hatuna budi kuongeza neno, maana tunajua linavyokuwa katika vijiji na mitaa yetu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizwi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kushika pedi aliyoishika mgonjwa. Huko Mahenge daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa kuanzia mwaka 1960 hivi, akaonesha kwamba watu waliotengwa na jamii, wengine wakiwa na makovu ya kuungua kwa kuangukia motoni, waliweza kurudi shambani na kuishi na wenzao kwa kumeza vidonge vya bei ndogo kila siku. Sala ni njema na vidonge ni vyema. Mtu asiachishwe kimoja kwa ajili ya kingine. Na mtoto mwenye kifafa asifukuzwe sebuleni wenzake wanapocheza. Apewe kiti cha nyuma, taa iwashwe, na daktari akiruhusu, apewe zamu.

MACHO, VIDOLE NA VUMBI

Macho hayaharibiki kwa kukaa karibu na televisheni, ingawa huchoka. Hofu hiyo ilipata nguvu mwaka 1967, kampuni ya General Electric ya Marekani ilipotangaza kwamba baadhi ya televisheni zake za rangi zilikuwa zikitoa mionzi ya eksirei kupita kiasi. Kasoro hiyo ilirekebishwa na sheria zikawekwa. Linalotokea kweli ni kwamba mtu anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache, yakakauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu cha mbali nje ya dirisha. Na mtoto acheze nje mchana, kwenye jua, maana imethibitika kwamba watoto wanaokaa nje muda mrefu zaidi hawapati upesi lile tatizo la kutoona mbali.

Vidole navyo vina historia yake. Mwaka 1981 mtu mmoja aliandika katika jarida la tiba kuhusu kiwiko cha mkono, yaani pale kwenye kifundo, kilichokakamaa kwa sababu ya Space Invaders, na mwaka 1990 mwingine akaeleza kidole gumba kilichouma kwa kucheza Nintendo saa tano mfululizo. Tiba ilikuwa kuacha kucheza kwa muda. Bado ndiyo tiba.

Kuhusu vumbi, mashine iliyolala stoo miaka 20 mara nyingi imekuwa nyumba ya panya. Mkojo wa panya unaweza kuleta ugonjwa uitwao leptospirosisi, ule uliojulikana kama homa ya Mgunda mkoani Lindi mwaka 2022 na kuua watu watatu. Vijidudu vyake hufa pakiwa pakavu, hivyo hofu isizidi kiasi. Hata hivyo fungua kitu hicho nje, vaa glavu na barakoa, na usipulize kwa mdomo: pangusa kwa kitambaa chenye maji na dawa ya kuulia vijidudu. Anayechomelea kwa risasi afanye hivyo mahali penye hewa, si jikoni, watoto na mama wajawazito wasiwe karibu, na anawe kabla ya kula. Wale wanaorudisha weupe wa plastiki iliyogeuka njano kwa dawa ya nywele, yaani haidrojeni peroksaidi, wajue kwamba inaunguza ngozi na kupofusha jicho. Glavu na miwani.

NI MUDA GANI UNAFAA

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikae mbele ya kioo chochote, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni afadhali. Mwaka huohuo shirika hilo liliingiza maradhi ya kushindwa kujizuia na gemu katika orodha yake mpya ya magonjwa, ambayo ilianza kutumika Januari 2022. Si kila anayecheza sana ni mgonjwa. Mgonjwa ni yule ambaye ameshindwa kujizuia, ameitanguliza gemu mbele ya shughuli nyingine zote, na anaendelea ingawa anaona anaharibikiwa shuleni, kazini au nyumbani. Tena hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu miezi 12. Gemu za zamani huleta hali hiyo mara chache, lakini mtu mzima anayemaliza mshahara kununua kaseti huku ada haijalipwa anatakiwa kujitazama.

Wazazi wanaotafuta kipimo wanaweza kumtazama Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Kiitaliano aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda kompyuta, alijifunza mwenyewe kuandika programu, na alikuwa na PlayStation. Inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja ya gemu kwa wiki. Hatusemi kila nyumba ifuate saa moja, na tunajua watoto wenu watasema yeye alikuwa mtakatifu. Muda wowote mtakaoupanga, uandikwe na baba naye aufuate.

MASHINE IKIFA

Zipo ambazo hazifufuki. Msizichome moto ili kupata shaba iliyo ndani ya waya. Moshi wa plastiki hiyo una sumu nyingi, na watoto ndio huwa wamesimama karibu. Kioo cha televisheni ya chogo kina risasi ndani yake, na kikipasuka vipande huruka kwa nguvu, kwa hiyo kisivunjwe wala kutupwa mtoni au kwenye shimo la taka la nyumbani. Mpe fundi anayehitaji vipuri, au ulizeni katika halmashauri au ofisi ya serikali inayosimamia mazingira ni nani katika mkoa wenu mwenye kibali cha kukusanya taka za kielektroniki. Hadi mtakapompata, ikae stoo, kioo kikielekea ukutani, na waya wake wa umeme ukiwa umekatwa.